Tairi za Subaru zimeisha na hela inatosha mbili tu, ninunue zipi?

Kaka shikamoo, pole na majukumu.

Mi ni kijana wa miaka 31, naishi Isanga hapa Mbeya mjini, kazi yangu ni mchele, nachukua Ubaruku na Igurusi nauza mjini. Mwaka juzi nilitimiza ndoto yangu ya siku nyingi nikanunua Subaru Impreza WRX ya 2004, ya tabo, gia za mkono, bluu. Naipenda hii gari kaka, naiosha mwenyewe kila Jumapili sijawahi kumpa mtu kazi hiyo.

Shida yangu ni tairi. Niliikuta na 215/45R17 na mpaka leo ndo hizo hizo. Za mbele zimebaki na meno kidogo, za nyuma ukiziangalia kwa nje unaona bado nzuri tu lakini kwa ndani zimeisha kabisa zimekuwa kipara, nadhani ni kwa sababu niliishusha nikaweka springi fupi. Nilikuwa najua kabisa zimeisha ila nikawa nasema nikiuza mzigo huu, nikiuza huu, hivyo hivyo miezi inaenda.

Sasa wiki mbili zilizopita nilienda Kyela kumchukua mama, anakuja kliniki ya presha huku mjini. Tumetoka vizuri jua linawaka, tumefika Tukuyu mvua ikaanza, ile mvua ya Tukuyu unaijua mwenyewe. Tumepita Kiwira tunaanza kupandisha kuna kona maji yanakatiza barabara, sikuwa na spidi kaka naapa, 60 au 65 hivi, nikasikia usukani umekuwa mwepesi ghafla kama haujashikana na kitu chochote, af nyuma ikatoka. Gari likazunguka tukajikuta tuko upande wa pili tairi moja iko mtaroni na tunaangalia kule tulikotoka, na lori la ndizi lilikuwa linashuka, dereva akasimama mbele yetu hatua kama 10 tu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mama hakusema neno, alikuwa ameukumbatia mkoba wake na zile karatasi za kliniki, kimya mpaka Uyole. Pale Uyole ndo akasema "mwanangu, kurudi nitapanda basi". Hayo maneno yamenikaa kichwani mpaka leo.

Nimeipaki. Nina laki 8 ya tairi na haiwezi kuongezeka mwezi huu maana kuna ada ya mdogo wangu. Nimezunguka Mwanjelwa na Kabwe nimerudi nimechanganyikiwa. Duka la kwanza wana tairi za Kijapani kabisa, mpya, 380,000 moja, muuzaji kaniambia chukua mbili weka mbele kwenye usukani na breki, zile za mbele zihamishie nyuma, nyuma hakuna kazi. Duka la pili wana mpya za Kichina 195,000 moja. Rafiki yangu mmoja ana nne used kutoka Japani, 90,000 moja, zina meno marefu kweli kweli, zimeandikwa STUDLESS na kuna namba 3913, anasema hizi ni za nchi za baridi na Mbeya ni baridi kwa hiyo ndo zenyewe. Mwingine ana rimu 18 na tairi zake anataka tubadilishane nimuongezee laki 5. Na vijana wenzangu wa Subaru wao wanasema gari ya tabo bila semi-sliki ni kuidhalilisha.

Kaka niambie ukweli, nifanye nini? Nataka mama apande tena gari yangu bila hofu. Ndaga fijo.

Kijana wa Isanga, Mbeya

*

Marahaba mdogo wangu, na mpe mama pole nyingi. Nimeisoma barua yako mara mbili, ile sehemu ya mkoba nimeisoma mara tatu. Nimefanya kazi na hizi gari gereji Iringa na baadae huko huko Mbeya, na barabara ya Uyole kwenda Tukuyu nimeipita kwa mvua, kwa ukungu wa Isongole na usiku, kwa hiyo hiyo kona unayoisema hata kama sio yenyewe naijua ilivyo.

Jibu nakupa kwanza af nieleze: chukua nne mpya za 195,000, zote nne za kampuni moja na aina moja, saizi yako ile ile, ILA baada ya kuzikagua kwa macho yako kama nitakavyokuambia hapo chini. Usichukue mbili za Kijapani, usichukue zile za rafiki yako hata akikupa bure, na rimu 18 mwache nazo.

Naanza na mbili kwa nne kwa sababu hapo ndipo watu wengi wa Subaru wanapoumia na hawajui. Gari lako linavuta tairi zote nne muda wote. Nyuma ya giaboksi, kwenye hizi za gia za mkono, kuna difu ya kati ambayo ndani yake kuna kikombe cha sahani nyembamba zinazoogelea kwenye mafuta mazito ya silikoni. Kazi yake ni kuruhusu mbele na nyuma zizunguke tofauti kidogo, mfano ukikata kona, na ikitokea upande mmoja unateleza sana yale mafuta yanapata joto, yanatanuka na kubana zile sahani. Kikombe hicho kimetengenezwa kwa tofauti ndogo za muda mfupi. Sasa wewe ukiweka mbele mpya yenye meno ya milimita 8 na nyuma ukaacha ya milimita 3, tairi ya nyuma imekuwa ndogo. Piga hesabu, tofauti ya milimita 5 kwenye nusu kipenyo ni milimita 31 kwenye mzunguko mzima, na tairi ya saizi yako inazunguka kama mara 510 kwa kilomita, maana yake kila kilomita moja nyuma inazunguka mara 8 zaidi ya mbele. Mpaka ufike Tukuyu ni zaidi ya mara 500 na hujakata kona hata moja. Kile kikombe kinachemka safari nzima, mwisho kinaungua. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, ambayo ukiigeuza ni kama milimita 1 tu ya meno. Milimita moja mdogo wangu.

Nilishaletewa Subaru Forester Iringa, mwenyewe kaambiwa mahali fulani maneno hayo hayo uliyoambiwa wewe, mbili mpya mbele. Alikuja analalamika gari likikata kona taratibu, mfano anaingia kituo cha mafuta, linang'ang'ania kama mtu kalifunga kamba nyuma, na linaruka ruka. Tulishusha giaboksi. Kile kikombe kilikuwa kimebadilika rangi kwa joto, na hela iliyoenda pale ingenunua tairi seti mbili. Yule baba alikaa kwenye ndoo pale gereji akawa anakiangalia tu mkononi mwake anakigeuza geuza.

Na hata kama gari lako lingekuwa la kuvuta mbili tu, lile neno la "nyuma hakuna kazi" sio kweli na ni neno la hatari. Kumbuka kona yako. Usukani ulikuwa mwepesi kwanza, maana yake mbele zilipanda juu ya maji, af nyuma ambazo ni kipara kwa ndani zikashindwa kabisa kushika ndo maana gari likazunguka. Mbele ikiteleza gari linaenda moja kwa moja, unaachia mafuta, linapungua spidi, linarudi, mtu wa kawaida anaweza. Nyuma ikitoka kwenye maji huna nafasi, limeshageuka. Ndo maana mtu akinunua mbili kwa gari la kawaida zile mpya zinatakiwa kukaa NYUMA, hata kama gari linavutia mbele. Wauzaji wengi hawaijui hii na hawana nia mbaya, wanarudia walichoambiwa.

Sasa za rafiki yako. Hiyo namba 3913 ndo umri wa tairi. Tairi nyingi ubavuni zina neno DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo hizo zimetengenezwa wiki ya 39 ya 2013, mwisho wa Septemba. Zimeshapita miaka 10, na 10 ndo mwisho ambao hata makampuni makubwa kama Michelin na Continental wanakuambia toa hata kama meno yote yapo. Mpira unazeeka kama mpira wa manati ulioachwa juani, kwa nje unang'aa kwa sababu kuna mtu kaupaka mafuta, ukiukunja unaona nyufa ndogo ndogo chini ya meno. Ziminye kwa kucha utaona.

Af hilo neno STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji. Hokkaido na huko kaskazini ya Japani baridi ikija wanavua za kawaida wanafunga hizo, na msimu ukiisha zinatolewa na nyingi zinaishia huku kwetu, aidha zimefungwa kwenye gari lililoagizwa au zimepakiwa kwenye kontena. Utazijua pia kwa majina kama Blizzak, Ice Guard au Winter Maxx, na ukiangalia meno yake yamechanjwa chanjo nyembamba nyingi sana kama za wembe. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili usiwe mgumu kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Rafiki yako anasema Mbeya baridi, ni kweli Juni na Julai asubuhi Uyole unatoka na koti na mvuke mdomoni, lakini ikifika saa 5 jua limetoka lami imepata moto, na ukishuka Kyela ni joto la ziwani kabisa. Hapo ile tairi inakuwa kama ubani wa kutafuna, meno marefu laini yanapinda, ukishika breki unaenda mbali zaidi, na kwenye lami iliyoloa ndo mbaya zaidi. Wajapani wenyewe wanajua kwamba hizo sio za mvua. Kwa hiyo hayo meno marefu yaliyokuvutia ndo tatizo lenyewe.

Semi-sliki sina maneno mengi. Ni tairi nzuri sana, zinashika lami kavu kama gundi, lakini zimepunguzwa mifereji ili mpira mwingi uguse lami, na mifereji ndo inayotoa maji. Rungwe, huko Tukuyu, ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, inaanza Novemba mpaka Mei na miezi mingine bado inanyesha. Wanaokushauri wana magari mazuri na wanayapenda, lakini wewe una abiria wa kliniki.

Rimu 18 nimesema mwache nazo, sababu ni hii. Tairi yako ya sasa, ukuta wake yaani kuanzia rimu mpaka chini ni kama milimita 97. Ukienda 225/40R18 unabaki na 90. Hizo 7 zinaonekana ndogo lakini fikiria barabara kuu yetu kuanzia Igawa mpaka Tunduma, malori ya Zambia na Kongo yameibonyeza lami ikawa na mifereji miwili, matuta na rasta kila kijiji, na mashimo yanayotokea leo ambayo jana hayakuwepo. Tairi yenye ukuta mfupi ikiingia kwenye shimo nyuzi za ndani zinabanwa kati ya rimu na shimo zinakatika, kesho yake unakuta imetoa jipu ubavuni. Jipu haliponi na halizibwi, hiyo tairi ni ya kutupa hata kama ilifungwa jana.

Mi ningekuwa wewe ningefikiria kinyume chake, kushuka 16. Sio lazima leo, lakini liweke kichwani. 205/55R16 kipenyo chake kinatofautiana na chako kwa milimita 6 au 7 tu, asilimia 1 hivi, spidomita haitadanganya cha maana, na ukuta unakuwa karibu milimita 113. Hiyo ni saizi ya gari nyingi sana za kawaida kwa hiyo iko kila duka, ushindani upo, bei inashuka. Na rimu 16 za Subaru za Legacy na Forester za zamani zenye 5 kwa 100, yaani nati 5 kwenye mduara wa milimita 100, zipo tele, za kwako 17 ukiziuza unaweza usiongeze hata shilingi. Angalizo mbili tu. Moja, jaribisha rimu kwenye breki ya mbele kabla hujalipa, izungushe kwa mkono uone haigusi kalipa, kile chuma kinachobana breki, na kama mwenye gari wa mwanzo alifunga breki kubwa za Brembo basi sahau, 16 haiingii. Ya pili, usidanganyike na rimu za Toyota zenye 5 kwa 100. Nati zinaingia vizuri kabisa lakini tundu la katikati la Toyota ni milimita 54.1 na habu ya Subaru, yaani kile kitovu kinachoingia kwenye hilo tundu, ni 56.1, haikai. Kuna watu wanachonga kwa jiwe la grenda, nimeona kwa macho yangu, rimu inakaa upande, gari linatetemeka ukifika 90, na mwisho nati zinalegea.

Turudi kwenye zile za Kichina. Najua kuna watu watakaosoma hapa watakasirika, watasema gari la tabo unalivalisha tairi ya bei rahisi. Mi nasema nne mpya za kawaida zinazolingana zinashinda mbili bora na mbili kipara, kila siku, na kwenye mvua ndo kabisa. Ila sio kila tairi ya Kichina ni sawa, kuna nzuri kabisa na kuna za ovyo, kwa hiyo nenda na tochi ya simu. Mwambie muuzaji akutolee zote nne uziangalie kwenye mwanga, sio moja ya mfano iliyotundikwa mlangoni ambayo imekaa na jua mwaka mzima. Tangu kiwanda cha General Tyre pale Arusha kisimame tairi zetu zinatoka mbali, zinakaa melini, zinakaa stoo Dar, zinakaa stoo huku, unaweza kuuziwa "mpya" yenye miaka 5. Angalia DOT za zote nne, ziwe za mwaka huu au mwaka jana, na zisipishane sana. Mara nyingi hiyo namba kamili iko upande mmoja tu wa tairi kwa hiyo igeuze.

Kisha soma ubavuni. Baada ya saizi kutakuwa na kitu kama 87W au 91W. 87 ni uzito, kilo 545 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615, usichukue chini ya ile iliyokuja na gari. W ni spidi mpaka 270, V ni 240. Sio kwamba ukimbize hivyo, tunakubaliana vijijini ni 50, lakini tairi ya herufi ya juu inavumilia joto na haiyumbi, na wewe unashuka Mlima Nyoka na Inyala nyuma ya malori breki zinachemka, hilo joto linaingia kwenye rimu mpaka kwenye tairi. V au W, chini ya hapo kwa hilo gari hapana.

Halafu tafuta neno TREADWEAR na namba. Hiyo inakuambia mpira unadumu kiasi gani, kampuni inapima yenyewe kwa hiyo usilinganishe sana kampuni na kampuni. Semi-sliki nyingi ni 200, tairi za gari za kutembelea ni 500 na zaidi. Kwako ningependa 300 mpaka 400 hivi. Ukiona 600 ujue umeuziwa kudumu, na mara nyingi inayodumu hivyo inateleza kwenye maji. Pembeni yake kuna TRACTION na herufi, hii ndo muhimu kwa shida yako kwa sababu wanapima breki kwenye sakafu iliyoloa maji. AA ndo juu, A inatosha, B irudishe. Na kama bado ina ile stika ya Ulaya ya rangi, tafuta picha ya wingu linanyesha mvua, iwe A au B, C kwa shida sana. Uso wake uwe na mifereji mipana minne au mitatu inayozunguka tairi nzima. Kama duka la 195,000 hazina hivyo vitu, toka, nenda la tatu. Una haki ya kusoma unachonunua.

Kabla hujafunga hata moja, kuna kazi nyingine, na hii usiiruke. Tairi zako za nyuma zimeliwa ndani, umeona mwenyewe. Ukifunga mpya bila kurekebisha, baada ya miezi 6 utaniandikia tena. Ukishusha gari, magurudumu yanaingia kwa juu yanasimama kama mtu mwenye miguu ya matege ya ndani, ukingo wa ndani ndo unabeba kila kitu. Kama bado una springi za mwanzo zirudishe, najua inauma, lilikuwa linapendeza. Angalia na bushi za nyuma na shokapu, kisha tairi zikishafungwa peleka alaimenti ya kompyuta, omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, wasikupe maneno. Hela itazidi laki 8 kidogo, najua, 780,000 inaisha kwenye tairi na unabaki na elfu 20. Mi ningekushauri gari likae hapo hapo lilipo wiki tatu nne mpaka hela ya alaimenti na balansi ipatikane. Mchele unaweza kuja na Fuso za wenzako.

Upepo. Kwenye kibati cha mlango wa dereva imeandikwa, za Kijapani nyingi wanaandika kPa, ukiona 230 hiyo ni kama PSI 33. Pima asubuhi kabla hujatembea. Hapa kuna kosa watu wa Mbeya tunalifanya, unajaza upepo asubuhi baridi ni nyuzi 10, unashuka Kyela zaidi ya mita 1,000 chini, joto 28 au 30, unapima kule unakuta imepanda, ukichanganya na joto la kutembea ndo zaidi, unaogopa unatoa. Ukirudi juu kesho asubuhi zimelegea zote, na tairi iliyolegea ndo ya kwanza kupanda juu ya maji. Usitoe upepo wa tairi ya moto.

Kilomita 200 au 300 za mwanzo nenda taratibu, tairi mpya ina utelezi wa kiwandani juu yake mpaka uishe. Nati zikaze tena baada ya kilomita kama 50. Kama mshale wa ROTATION upo hakikisha unaangalia mbele, na kama imeandikwa OUTSIDE hilo neno ulione ukiwa umesimama nje ya gari. Kila kilomita 8,000 hivi hamisha mbele kwenda nyuma ili zote nne ziishe pamoja, kwa gari lako hilo sio la hiari. Na usisubiri zifike kwenye vile vijiti vya TWI, alama za tairi kuisha, vya milimita 1.6 ndani ya mifereji, pale trafiki ndo anaanza kukuandikia faini, lakini kwa mvua ya Rungwe zimeshaisha zamani, zikifika milimita 3 anza kuweka hela pembeni.

Kuhusu mama, usimlazimishe. Acha arudi Kyela na basi kama alivyosema, na umsindikize mpaka stendi umtafutie siti. Gari likishakuwa tayari panda peke yako mpaka Tukuyu siku ya manyunyu, pitia ile kona kwa 40, uone linavyoshika. Safari ya kliniki ijayo mpigie mwambie tairi zote nne ni mpya, mwambie hata springi umerudisha, halafu aamue yeye.

Na ile spea tairi iliyoko kwenye buti, kama ni ile nyembamba ya muda, mwisho wake ni spidi 80 na safari fupi ya kufika kwa fundi pancha, usiikalie siku mbili kwa sababu ya hesabu ile ile ya difu. Ipime upepo leo, wengi wanaikumbuka wakishafika Isongole usiku wanakuta nayo imelala.